Metali ya chombo cha kupashia asali na kuyeyushia nta

Wafugaji nyuki wa Sikonge, Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, wanahitaji moto mdogo tu. Asali iliyoganda inapashwa isivuke nyuzi 45 za Selsiasi, na nta huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Joto hilo haliyeyushi zinki (420) wala aluminiamu (660). Kinachokula chombo ni tindikali ya asali, yenye pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 4, na joto huiongezea kasi.

Ndiyo maana ndoo ya bati lililopakwa zinki haifai kwa asali hata kidogo. Zinki inaingia kwenye asali, ladha inaharibika, na ikilala humo siku kadhaa mlaji anaweza kutapika. Shaba nayo iache. Chuma kitupu huifanya asali iwe nyeusi.

Nunua stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya daraja la 304, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8. Usiiamini sumaku peke yake: 304 kwa kawaida hainasi, lakini stenlesi ya daraja la 201, ya bei rahisi, nayo hainasi. Tafuta alama ya 304 au 18/8 chini ya chombo.

Halafu geuza chombo utazame maungio, maana hapa ndipo wengi hupitwa. Fundi bati akiunga kwa risasi, stenlesi yako nzuri haina maana tena; madini ya risasi hayana kiwango salama mwilini. Aunge kwa gesi ya agoni na waya wa stenlesi. Koki ya shaba ya njano mara nyingi ina risasi pia, kwa hiyo weka ya stenlesi au ya plastiki ya chakula.

Kwa nta, sufuria ya aluminiamu ya kiwandani inatosha. Chuma huitia weusi, shaba huitia ukijani. Zile sufuria nzito zinazosubuliwa kwa vyuma chakavu siziungi mkono: hujui kilichoyeyushwa ndani yake.

Usiweke asali wala nta moja kwa moja motoni: sufuria yake ikae ndani ya chombo kingine chenye maji. Chombo hicho cha nje kinaweza kuwa hata debe, kwa kuwa hakigusi asali. Weka vijiti chini, ndani ya maji hayo, ili sufuria ya ndani isiguse kitako cha chombo kilicho juu ya moto. Maji unayochanganya na nta yawe ya mvua. Yenye chumvichumvi huifanya iwe kama uji wa sabuni. Ikivuka nyuzi 85 nta hubadilika rangi, na maji ya nje yakikauka inaweza kuwaka. Ikiwaka, funika kwa mfuniko, usimwagie maji.