Welkom, Aprili 2004: Rossi alipohamia Yamaha

Watu wengi husimulia kuhama kwa Valentino Rossi, dereva wa mbio za pikipiki kutoka Italia, toka timu ya Honda kwenda Yamaha kana kwamba alivua koti moja akavaa jingine, kisha kipaji kikamaliza kazi. Mimi nilikuwa Welkom, Afrika Kusini, wikendi ile aliposhindana na Yamaha kwa mara ya kwanza, na niliyoyaona na kuyasikia pale uwanjani Phakisa hayafanani na hadithi hiyo. Kilichohama ni kikundi cha mafundi pamoja na dereva wao, na kilichowapokea ni injini ambayo Yamaha walikuwa wameianza upya toka kwenye kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Rossi alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la juu la mbio za pikipiki mwaka 2001, 2002 na 2003, mara zote akiwa na Honda. Ile RC211V, pikipiki ya Honda aliyoiacha, ilikuwa na silinda tano kwa umbo la V, tatu mbele na mbili nyuma, na hakuna aliyebisha kwamba ndiyo pikipiki bora ya wakati wake. Alishinda nayo mbio za mwisho wa msimu Valencia tarehe 2 Novemba 2003, akaondoka. Upande wa pili, Yamaha msimu huo mzima walipanda jukwaani mara moja tu, Alex Barros alipomaliza wa tatu Le Mans. Taji la dunia hawakuwa wameligusa tangu la Wayne Rainey mwaka 1992.

Halafu kulikuwa na suala la mkataba. Honda walimshikilia Rossi hadi mwisho wa Desemba, kwa hiyo majaribio ya Novemba yalimpita. Asiyeifahamu kazi hii anaweza kuliona hilo dogo. Si dogo hata kidogo. Novemba ndipo dereva mpya anapokaa juu ya pikipiki ya zamani ya timu yake mpya, anazunguka, anarudi kwa mafundi na kusema mbele inasukuma nje, nyuma inateleza mapema, breki inapokamatwa pikipiki inanyanyuka mkia. Maneno hayo yanapelekwa kiwandani na vipuri vinachongwa Desemba nzima ili Januari majaribio yaanze na pikipiki iliyomsikiliza. Ukikosa Novemba, kiwanda kinachonga kwa kukisia.

Yamaha, chini ya mhandisi Masao Furusawa, waliamua kutokisia kitu kimoja. Januari 2004 huko Sepang, Malaysia, walimpangia Rossi injini za aina nne. Kulikuwa na kranki mbili, ya zamani na mpya, na vichwa vya silinda viwili, cha valvu tano kwa kila silinda na cha valvu nne. Ukizichanganya unapata injini nne, na dereva akazijaribu zote. Alichagua kranki mpya na valvu nne. Valvu tano zilikuwa fahari ya Yamaha kwa miaka mingi: tatu za kuingiza hewa, mbili za kutoa moshi. Kwenye mizunguko ya juu sana zinapitisha hewa vizuri, ila chumba cha kuchomea mafuta kinakuwa na umbo la kutawanyika, moto hausambai sawasawa, na ubaya wake unajitokeza pale dereva anapofungua mafuta kidogo kidogo katikati ya kona. Kampuni kuweka kando kitu ilichojitambulisha nacho muda mrefu, kwa sababu mgeni amesema nyingine inaendesheka vizuri zaidi, ni jambo ninaloliheshimu mpaka leo.

Sisi watazamaji hatukuwa tumeambiwa lolote kuhusu kranki. Tuliisikia.

Ijumaa ya mazoezi tulijibanza kwenye uzio karibu na kona ya polepole, pale dereva anapoanza kufungua mafuta huku pikipiki bado imelala. Zikapita Kawasaki na mlio wao mwembamba wa kuchana masikio, mlio wa silinda nne za mstari mmoja kama tulivyoujua siku zote. Ikaja M1 ya buluu, pikipiki mpya ya Rossi ya Yamaha, namba 46. Nayo ni silinda nne za mstari mmoja, lakini ilinguruma. Sauti nzito, inayokatikakatika, karibu sana na ya injini za V zilizokuwa zinaifuata. Fundi niliyeandamana naye, mtu mzima aliyefungua injini nyingi kuliko mimi, akanishika bega.

"Sikiliza, mdogo wangu. Hiyo kranki si ya mwaka jana."

"Kweli, kaka. Haiwaki kwa mpangilio."

"Inawaka kwa mpangilio, ila si ule."

Mpangilio wenyewe ni huu. Kwenye kranki ya kawaida ya silinda nne, pini zote, yaani sehemu ambazo pistoni hushikia kranki, zimelala kwenye bapa moja: pistoni mbili zikiwa juu kabisa, mbili nyingine ziko chini kabisa. Maana yake pistoni zote nne husimama kwa pamoja, mara mbili katika kila mzunguko wa kranki, kisha zote zinarushwa tena. Nguvu ya kuzirusha inatoka kwenye kranki yenyewe, na zinaposimamishwa inairudia. Kwa hiyo kranki inapungua na kuongezeka mwendo ndani ya mzunguko mmoja. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika hutahangaika nalo. Kwenye 15,000, kupanda na kushuka huko kunazidi hata msukumo wa mafuta yanayowaka. Tairi la nyuma linapokea vyote kwa pamoja, na mkono wa dereva unashindwa kutofautisha kipi ni msukumo alioutaka yeye na kipi ni kelele ya pistoni.

Kranki mpya ya M1 ilikuwa na pini zilizopishana kwa nyuzi 90. Pistoni mbili zinaposimama, mbili nyingine ziko karibu na kasi yao ya juu, hivyo zinapokezana nguvu na kranki inazunguka kwa utulivu. Silinda haziwaki tena kila baada ya nyuzi 180. Zinawaka kwa mapengo ya 270, 180, 90 na 180. Ndiyo ngurumo tuliyoisikia. Wengi husema faida yake ni kwamba lile pengo refu linalipa tairi nafasi ya kupumzika na kushika lami tena. Mimi nakubaliana na maelezo ya Furusawa: faida kubwa ni usafi wa ujumbe. Dereva akifungua mafuta kiasi fulani, tairi linapata kiasi hicho, naye anahisi mshiko wa lami bila mchanganyiko. Gharama ipo. Injini ya namna hii huyumba ncha moja hadi nyingine, inataka shafti ya kusawazisha, na shafti hiyo ni uzito na nguvu kidogo iliyopotea. Kwa dereva anayetafuta muda wake kwenye kona, anailipa bila kulalamika.

Pale kwenye uzio tofauti ilionekana kwa macho pia. Honda zikitoka kwenye kona zilikaa chini kwa nyuma na kuruka mbele kwa nguvu, dereva akirekebisha kwa mwili. M1 ilianza kupokea mafuta mapema, ikiwa imelala zaidi, na haikutikisika. Kwenye njia ndefu iliyonyooka Honda ziliirudia.

Jeremy Burgess, fundi mkuu wa Rossi, ndiye aliyekuwa upande wa Mick Doohan katika mataji yake matano akiwa Honda. Alihama pamoja na Rossi, na wengi wa kikundi chake wakahama naye. Nadhani hili halipewi uzito unaostahili. Dereva anayehama peke yake hukuta mafundi ambao hawajui tafsiri ya maneno yake. Akisema "mbele imekufa", fundi mgeni anaweza kukaza springi za foki, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, kumbe dereva alitaka uzito zaidi uende mbele wakati wa kuingia kona, na dawa ilikuwa kuinua nyuma milimita chache. Nusu siku ya majaribio inaisha hivyo. Burgess na watu wake walikuwa na miaka minne ya kumsikiliza mtu huyohuyo.

Walichoweza kubeba kilikuwa vichwani mwao tu. Kumbukumbu za kompyuta ni mali ya timu, zinabaki. Na hata zingebebwa, nyingi zisingefaa. Honda ya Rossi ilitumia foki na shokapu za kampuni ya Showa. Yamaha walitumia za kampuni ya Öhlins. Idadi ya mibonyezo ya kurekebisha, ile hatua ndogondogo za skrubu ya kulainisha au kukaza, kwenye moja haina maana kwenye nyingine, kwa sababu valvu za ndani na oili ni tofauti. Unaanza upya: springi kwanza, kulingana na uzito wa dereva na jinsi anavyobana breki, kisha kimo cha mbele na nyuma, halafu ndipo unagusa kwa mibonyezo mwendo wa kurudi na wa kushuka wa foki na shokapu. Anayeanza na mibonyezo kabla ya springi anazunguka palepale.

Kuna pia kranki ya M1 kuzunguka kinyume na magurudumu, wakati ya Honda ilizunguka upande uleule. Ikizunguka kinyume inapunguza ule ukaidi unaoletwa na magurudumu yanayozunguka kwa kasi, pikipiki inageuka upande kwa wepesi zaidi, na gurudumu la mbele halina haraka ya kunyanyuka. Dereva aliyezoea kuisukuma Honda kwa nguvu ili igeuke huikuta M1 imeshafika kabla yake, anaingia ndani mno, anakosa njia yake. Ni kosa la kawaida la siku za kwanza kwa kila anayehama hivyo.

Uwanja wenyewe uliwasaidia Yamaha kidogo. Phakisa iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako msukumo wa hewa umepungua kama asilimia 15. Injini zote zinapoteza nguvu, na mwenye nguvu nyingi anapoteza nyingi zaidi. Lami nayo haikutumika mara nyingi. Nje ya njia ya mbio kulikuwa na vumbi, na aliyetaka kumpita mwenzake ilibidi akanyage pachafu. Kwenye mahali kama hapo pikipiki tulivu ina faida.

Jumapili, tarehe 18, Rossi alianza nafasi ya kwanza. Mizunguko 28 ya kilomita 4.24. Mapema tu watu watatu walijitenga: Rossi, Max Biaggi na Sete Gibernau, wawili hao wakiwa na Honda. Biaggi naye alikuwa mhamaji. Aliondoka Yamaha mwisho wa 2002. Gibernau akaachwa, wakabaki wawili, wakapokezana uongozi. Honda ilimrudishia Biaggi mita zake kwenye njia iliyonyooka, naye akazilipa tena kwenye kona. Mizunguko ya mwisho nilitazama mahali pamoja tu, pale wanapoachia breki. Rossi aliachia mapema kidogo na kubeba kasi ndani ya kona. Biaggi alichelewa, akaingia kwa nguvu, kisha akasubiri pikipiki isimame wima ndipo afungue. Tairi likishachoka mwishoni mwa mbio, kusubiri huko ni ghali. Rossi alivuka mstari sekunde 0.210 mbele yake. Akasimama pembeni ya uwanja, akaiegemeza pikipiki, akaibusu, akaketi karibu nayo akiwa bado na helmeti. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda mbio mbili zinazofuatana za daraja hilo na pikipiki za viwanda viwili tofauti.

Wale waliodhani kazi imekwisha walipata jibu haraka. Jerez, kwenye mvua, alimaliza wa nne. Le Mans, wa nne tena. Ushindi ulirudi Mugello, nyumbani kwao Italia. Rio aliteleza na kuanguka, Qatar akaanguka tena. Mwisho wa msimu alikuwa na ushindi mara 9 katika mbio 16 na taji, pointi 304 kwa 257 za Gibernau. Kabla yake, ni Eddie Lawson peke yake aliyewahi kuchukua taji la daraja la juu miaka miwili mfululizo na viwanda viwili tofauti, Yamaha 1988 na Honda 1989.

Nikiulizwa kwa nini naitilia mkazo injini ile, najibu kwa mwaka 2011. Rossi yuleyule, na Burgess yuleyule, walihamia Ducati. Mafundi walikuwepo, lugha kati yao na dereva ilikuwepo. Lakini safari hii walikuta pikipiki isiyo na fremu ya kawaida, kisanduku cha kaboni kimefungwa kwenye injini ya V yenye pembe ya nyuzi 90, injini ndefu inayozuia uzito kusogezwa mbele. Rossi alikuja pia na bega lililofanyiwa upasuaji. Alilalamikia kukosa hisia ya gurudumu la mbele, na springi hazikuweza kuitoa mahali isipokuwepo. Fremu ya alumini ikaja, kimo kikabadilishwa, injini ikasogezwa. Misimu miwili, jukwaani mara tatu, ushindi hakuna, kisha mwaka 2013 akarudi Yamaha.