Juni, Tanga, Pamoja na Mama

Kwa wengi wetu tunaofanya kazi Uingereza, likizo ya nyumbani haina mapumziko. Mtu hutua Dar es Salaam akiwa tayari amepangiwa harusi, hitima, vikao vya ukoo na wagonjwa wa kwenda kuwajulia hali, na siku ya kurudi humkuta hajapata saa moja ya kukaa na mzazi wake wakazungumza pasipo mtu kubisha hodi. Ndiyo maana safari hii nilimwomba mama twende Tanga mwishoni mwa wiki, sisi wawili tu.

Juni ndio mwezi ninaoupendelea. Nauli za ndege hazijapanda, kwa kuwa shule nyingi za Uingereza hufungwa kuelekea mwisho wa Julai. Na wakati wenyeji wa huko wanaanza kumiminika Brighton kuota jua juu ya kokoto za ufukweni, pwani yetu imekwishamaliza masika, kusi inavuma, na joto limepungua kiasi cha mtu mzima kuweza kutembea mchana bila kuchoka.

Basi lilipoiacha barabara kuu pale Segera na kushika njia ya Muheza, tuliona machungwa yamepangwa kando ya barabara, kisha mashamba ya mkonge, na hapo mama akaanza kusimulia. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida ilisalimika 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa yaliyohitaji wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali. Babu alikuwa mmoja wao, manamba aliyetoka Songea. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba katika miaka yote aliyokata mkonge upande wa Muheza hakuwahi kuingia baharini hata siku moja, ingawa bahari haikuwa mbali. Mama nami huzungumza kwa simu kila wiki, lakini simu zetu huishia kwenye afya, ada na hali ya hewa. Habari ya babu ilihitaji safari ndefu na dirisha la basi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Raskazone wakati maji yakijaa. Mama alijifunga kanga vizuri, akanishika mkono, akaingia hadi maji yakamfika magotini, na hapo akasimama kwa muda mrefu akiwatazama watoto wakipiga mbizi. Sikumharakisha.

Jioni tulikaa Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba, tukanywa kahawa chungu kwa kashata. Muuza kahawa aliliweka dele lake juu ya makaa, akasuuza vikombe, akammiminia mama kwanza na kumwita "shikamoo, bibi" kabla ya kuniuliza mimi natokea wapi. Kabla ya saa moja giza lilikuwa limeingia. Kwangu mimi ninayefanya zamu za usiku, katika nchi ambako mwezi wa Juni mwanga hukawia hadi karibu saa nne usiku, kulala mapema na kuamshwa na adhana ni tiba.

Tumekwishakubaliana na mama kwamba mwakani, Mungu akitujalia uzima, tutakwenda Pangani, na nimemwomba asiwaambie ndugu tarehe ya kuwasili kwangu mpaka tuwe tumerudi.