Ufa uliotembea wakati wa chai

Ilikuwa katikati ya masika, Dar es Salaam, shati linaganda mgongoni tangu saa tatu asubuhi. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni na mradi wangu ulihusu kauri iliyotengenezwa kwa kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia, ya Pugu, nje kidogo ya jiji: nipime inavumilia kiasi gani ufa uliokwishaanza kabla haujaipasua. Fundi wa maabara, mzee asiye na maneno mengi, hakuniruhusu kuigusa kauri. Alinipa kwanza kipande cha kioo cha dirisha. Kiwango cha kioo cha kuvumilia ufa kinajulikana, alisema, ni 0.7 au 0.8 kwa kipimo kiitwacho MPa√m, kwa hiyo ukiharibu utajijua.

Unabonyeza piramidi ndogo ya almasi juu ya kioo kwa uzito wa kilo 2. Inabaki alama ya mraba, na kwenye pembe zake nne zinachomoza nyufa. Unazipima kwa hadubini kuanzia katikati ya alama, kisha unaingiza kwenye kanuni ya mtafiti Anstis na wenzake ya mwaka 1981, inayotoa kiwango hicho. Ufa ukiwa mrefu, jibu linashuka.

Wastani wangu ulikuwa mikromita 120. Jibu 0.85, limezidi kidogo, lakini kwa mwanafunzi si haba. Ikafika saa nne, nikaenda zangu chai na chapati mbili. Niliporudi nikaipima tena alama ileile, kujiridhisha tu. 144. Jibu 0.65.

Nikafuta lenzi. Nikapima: 145. Nikashuku macho yangu, nikashuku hata zile chapati. Mwisho nikachukua raba, maana daftari nilikuwa naandika kwa penseli, nikaanza kuifuta namba ya asubuhi.

"Unafuta nini, mwanangu?"

"Nilikosea kupima, Mzee."

"Ulikwenda wapi hapa katikati?"

"Chai."

"Basi na ufa nao ulikuwa unakunywa."

Akanieleza huku amesimama. Alama ile inaendelea kuutanua ufa hata baada ya almasi kuinuliwa, na unyevu wa hewani unapenya hadi kwenye ncha yake, unakata vifungo vya silikoni na oksijeni kimoja kimoja. Kwa hewa yetu ya masika, ufa unatambaa wenyewe. (Mwaka 2007 watafiti Quinn na Bradt waliandika kwamba njia hii ya kubonyeza isitumike kabisa kupimia uvumilivu wa ufa. Mimi sikushangaa.)

Ili kuuzuia unyevu, akadondosha tone la mafuta ya silikoni juu ya kioo, tukabonyeza upya ndani ya mafuta yale. Nilikaa nusu saa jicho kwenye hadubini. Ufa ulisogea kidogo mno.

Namba ya asubuhi nikairudisha, nikaandika saa pembeni ya kila kipimo.

"Na kauri yako ya Pugu," akasema akielekea mlangoni, "ina kioo ndani yake."

Nikaivuta ile chupa ya mafuta karibu. Mchana huo sikwenda kula.