Ngisi wa Nzuguni: tundu kwenye hasi 55

Wiki ya tatu. Kwa anayenikuta katikati ya safari: mimi ni mwalimu wa fizikia, na jioni naiga kwenye laptopu jinsi ioni za sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye utando wa neva ya ngisi. Ndiyo, ngisi, hapa Nzuguni, Dodoma, ambako hata dagaa wanafika wamekauka. Milinganyo ni ya wanasayansi Hodgkin na Huxley, 1952. Walimpendea ngisi neva yake nene, karibu nusu milimita, unaweza kupenyeza waya ndani.

Jumanne mpwa wangu wa kidato cha nne alichungulia skrini. "Mjomba, kafa tena?"

Kafa tena. Nilikuwa nimeubana utando kwenye volteji moja, hasi 55 (milivolti), nione potasiamu inavyotoka, programu ikanitemea safu nzima ya nan, yaani "si namba". Hasi 54, sawa. Hasi 56, sawa. Nikapitia mistari yote mara mbili nikitafuta herufi niliyokosea, umeme nao ukakatika, na betri ya laptopu hii ni pambo tu.

Nikachukua daftari na kikokotoo. Potasiamu hupita kwenye mifereji ya utando yenye malango. Kasi ya kufunguka kwa lango, V ikiwa volteji, ni 0.01(V + 55), gawanya kwa 1 − e^(−(V + 55)/10). Weka hasi 55: juu sifuri, chini sifuri. Kumbe programu ilifanya nilichoiagiza. Kwa hasi 54.9 nikapata 0.1005, kwa hasi 55.1 nikapata 0.0995. Basi katikati ni 0.1, sharti la mstari mmoja likamaliza kazi. Sodiamu nayo ina tundu kama hilo kwenye hasi 40, nimeliziba kabla halijanitafuta.

Kinachoniudhi ni kwamba wiki mbili za kwanza programu ilikimbia bila shida, maana volteji ikipanda yenyewe ni nadra kutua juu ya hasi 55 kamili. Huxley alikokotoa kwa mashine ya Brunsviga ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa kompyuta ya Cambridge haikupatikana. Nadhani yeye sifuri hiyo angeiona mapema.

Daftari likanipa na jingine. Utando ukiwa umetulia, hasi 65, uwezekano wa lango moja la potasiamu kuwa wazi, n, ni 0.318. Lakini mfereji haupitishi kitu mpaka malango yote manne yafunguke, na 0.318 kwa kipeo cha 4 ni kama asilimia 1. Kila siku naandika n⁴, sikuwahi kuiona asilimia hiyo.

Jana nikacheza na joto. Namba za mfano ni za nyuzi 6.3, nikaweka 30, joto la sebule yangu kabla ya mvua. Kasi za malango huongezeka mara 3 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo zikapanda mara 13.5. Hatua ya muda ya milisekunde 0.01 ikawa ndefu mno, nikashuka hadi 0.001. Kilichotoka kwenye mchoro wa volteji, pale neva inaporusha ishara yake, ni kilima kifupi, chembamba: potasiamu inakimbilia nje kabla sodiamu haijamaliza kuingia.

"Huyu sasa kaiva," mpwa akasema, akaenda kulala.

Wiki ijayo naunganisha vipande 100 vya utando nione kama kilima kinasafiri. Nitaanza na nyuzi 6.3.