Siku moja maishani mwangu: tone moja kutoka pafuni

Saa moja kasoro robo asubuhi nashuka kwenye taksi katikati ya Kampala, na kufikia saa tatu nimekwisha kusoma sahani za kuoteshea bakteria zilizooteshwa jana na kutoa majibu ya wodi zote. Mimi ni mtaalamu wa maabara, ingawa wagonjwa humwita "Musawo", yaani daktari kwa Luganda, kila avaaye koti jeupe.

Saa nne naitwa wodini. Mzee aliyepasuliwa ngiri wiki iliyopita alianza nimonia siku ya tatu baada ya kulazwa, yaani baada ya zile saa 48 zinazotufanya tuihesabu kuwa ya hospitalini, na makohozi yake, niliyoyaotesha mara mbili, yameleta mchanganyiko wa bakteria wa kinywani usiomsaidia daktari kuchagua dawa. Imebaki sindano ya kupitia mbavuni, ya kuchota sampuli pafuni kwenyewe.

Mwanawe anakataa. "Musawo, pafu ni hewa tupu, mkilitoboa si litapasuka kama tairi?" Daktari hamfichi: hewa inaweza kuvuja kifuani, ndiyo maana mzee atapigwa eksirei baadaye, hata hivyo altrasaundi inaonyesha kwamba sehemu iliyougua imejaa usaha na kugusana na ukuta wa kifua, na damu yake, niliyoipima asubuhi, inaganda vizuri. Kijana anauliza tena. Anampigia shangazi simu. Shangazi anataka kuzungumza na daktari, kisha na mimi, kisha na daktari tena. Saa sita na nusu, miguu yangu ikiwa imekufa ganzi, mzee ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza anasema, "Nichomeni, kifua ni changu."

Sindano inapita juu kidogo ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu hufuata ukingo wake wa chini. Mzee anabana pumzi, na kazi inaisha kwa sekunde chache. Ndani ya bomba mna kitone kidogo kuliko punje ya mtama.

"Hicho tu?" kijana anauliza kwa uchungu.

Hicho tu, lakini hakikupita kinywani. Nakibeba mwenyewe hadi maabara, maana asiyejua angedhani bomba ni tupu akalitupa.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Chini ya hadubini, baada ya kutia rangi, naona seli za usaha na vijiti vya waridi, yaani bakteria wa kundi liitwalo Gramu hasi, nami nampigia daktari simu kabla hata ya kuandika.

Jioni eksirei haionyeshi hewa iliyovuja. Kijana yuko dirishani kwangu kwa mara ya nne, akitaka jina la mdudu na dawa yake. Namweleza kwamba bakteria wanahitaji usiku mzima kwenye joto la nyuzi 37 ili waote.

"Kwa hiyo wewe unakwenda kulala, wao wanafanya kazi?"

Ndiyo, namjibu, na kufunga dirisha.