Sanaa Nne Uwanja Mmoja: Dodoma, Panga Kimya Kwanza

Mkusanyiko wa wikiendi unaochanganya picha, fasihi, maigizo na muziki mara nyingi huvunjikia kwenye hema la vitabu. Mwandishi amesimama anasoma, watu ishirini wametega masikio, mara upande wa pili fundi mitambo anaanza: "tesi, tesi, moja mbili." Dakika tano baadaye viti ni vitupu, na waandaaji wanaambiana kwamba watu wa Dodoma hawapendi fasihi. Wanaipenda sana. Hawakuisikia.

Hesabu yake ni hii. Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti ya spika hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Muziki ukiwa desibeli 95 mita 4 mbele ya spika, mita 8 utakuwa 89, mita 16 utakuwa 83, mita 32 utakuwa 77, na mita 64 bado uko 71. Mtu anayeongea kawaida, ukikaa mita moja kutoka kwake, ni kama 60. Kwa hiyo hata hema ulisukume mpaka kwenye uzio, muziki utammeza msomaji. Dawa ni saa. Andika vipindi vya kimya kwenye ratiba kabla hujaandika jina la msanii yeyote, kisha viingize kwenye makubaliano na fundi mitambo: muda huo spika kubwa zimezimwa, hakuna kupima sauti, hakuna nyimbo za kuchangamsha uwanja. Kupima sauti kufanyike saa 3 hadi saa 4 na nusu asubuhi, basi.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kuishia Aprili, kwa hiyo kiangazi hakikunyeshei, lakini kinakupa mambo mawili mengine: upepo wa kusini-mashariki wenye vumbi, na baridi ya usiku. Huo upepo ndio unaopanga ramani ya uwanja. Jukwaa lipe mgongo kusini-mashariki, watazamaji wakae kaskazini-magharibi yake. Hema la fasihi liwe nyuma ya jukwaa, upande upepo unakotoka, ili upepo uchukue sauti na kuipeleka mbali nalo. Jenereta na majiko ya mishkaki viwe mwisho kabisa upande wa pili, angalau mita 40 kutoka kiti cha mwisho. Mpangilio huu una faida nyingine: kuanzia saa 9 alasiri jua liko migongoni mwa watazamaji na linawamulika waigizaji usoni. Ni taa ya bure, na inadumu mpaka karibu saa 12:40 jioni.

Picha zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kosa la kawaida ni kuzitundika kwenye turubai. Turubai ni tanga la jahazi; upepo wa saa 7 mchana ukilijaza, nguzo zinalala na kazi za miezi zinalala nazo kifudifudi mchangani. Tumia wavu wa chuma wa uzio uliofungwa kwenye mirunda iliyochimbiwa sentimita 60, upepo upite katikati. Kila picha ifungwe kwa waya laini kwenye pembe zote nne. Picha iliyoning'inizwa kwa kamba moja juu hugonga wavu siku nzima, na rangi humeguka kwenye kingo. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka ardhini.

Elekeza nyuso za picha kusini. Miezi hiyo jua la Dodoma hupita upande wa kaskazini wa anga kutwa nzima, hivyo ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini kuanzia asubuhi hadi jioni. (Ukiandaa Novemba, geuza picha zitazame kaskazini; kuanzia katikati ya Oktoba jua linakuwa limeshahamia kusini.) Kwa kazi za mtindo wa Tingatinga hili ni la lazima. Rangi yake ya mafuta inang'aa, na ikipigwa na jua mtazamaji anaona mng'ao tu, haoni ndege wala chui. Rangi hiyo hukauka juu ndani ya saa chache lakini chini hubaki laini kwa siku kadhaa. Mchoraji akileta kazi aliyoimaliza juzi, usiibebanishe uso kwa uso na nyingine ndani ya gari; joto la safari litazigandisha. Weka karatasi ya nailoni kati yake, na iache iwe ya mwisho kutundikwa ili isinywe vumbi la asubuhi wakati watu wanafagia.

Kibandiko cha kila picha kiwe na jina la msanii, jina la kazi, vifaa, ukubwa na bei. Bei iandikwe. Mgeni asiyeona bei haulizi, anapita. Asilimia ya mwandaaji ikubaliwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, na malipo yaingie kwenye lipa namba moja yenye daftari la nakala mbili, msanii abaki na nakala yake.

Fasihi iwe saa 5 asubuhi hadi saa 7 mchana. Viti 40 kwa nusu duara, safu tatu, spika moja ndogo ya kumsaidia msomaji. Mpe kila mmoja dakika 12. Kiswahili kinachosomwa kwa sauti bila haraka huenda kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo mwambie mapema alete maneno 1,200 na asizidishe. Kwa mashairi, hesabu kwa mizani, yaani silabi: ubeti wa tarbia, wa mistari minne, wenye mizani 16 kwa mstari una mizani 64, na ukisomwa kwa utulivu huchukua sekunde 20 hivi. Ukighaniwa, zidisha mara mbili. Washairi wengi huandikisha beti kumi wakiwa na kusoma kichwani, kisha wanapanda na kughani, ratiba ikachelewa dakika tatu na zaidi kwa kila mshairi. Uliza mapema: utasoma au utaghani?

Mchana, saa 8 hadi saa 10, wape watoto udongo. Mkoa huu una Kondoa, na michoro ya miambani kule Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi ni myekundu. Chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa mpaka uwe kama unga. Vijiko 3 vya udongo, kijiko 1 cha gundi nyeupe ya mbao, vijiko 2 vya maji. Bila gundi rangi inapukutika ikikauka. Tumia manila, kwa sababu karatasi ya daftari itajikunja. Kazi hii haina kelele, na inawaweka wazazi karibu na picha.

Maigizo yaanze saa 10 na nusu jioni, dakika 40 hadi 50. Jukwaa la mita 6 kwa 5, urefu wa sentimita 60. Kikundi kifanye angalau zoezi moja nje, maana sauti iliyozoea ukumbi hupotea uwanjani, na kanga zisizobanwa kwa pini hupeperuka usoni. Baada ya hapo mshereheshaji aelekeze watu kwenye picha wakati jukwaa linabadilishwa. Nusu saa hiyo ndiyo picha huuzwa.

Muziki uje saa 12 jioni. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: ukiwa Dodoma, muziki wa Wagogo usiufanye wa kufungulia pazia. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliusikilizisha ulimwengu akiwa na ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba), zeze na koo lake. Upe saa yake, na umwandae fundi mitambo. Kwenye matundu ya ilimba hubandikwa utando wa buibui unaotoa mvumo mwembamba, zzz, juu ya kila noti. Fundi asiyejua hudhani spika imechanika na hukata sauti za juu mpaka ala inabaki kama debe. Maiki iwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye tundu, yenye sponji ya kuzuia upepo, na sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 zikatwe. Usiichanganye ilimba na kinanda. Sauti za ilimba ya Wagogo zimepangwa kwa mfuatano wa asili, na baadhi yake haziangukii kwenye kitufe chochote cha kinanda.

Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, upigwe ardhini mbele ya jukwaa. Kwenye mbao, kila kishindo cha mguu kinapanda kwenye stendi na kuingia kwenye maiki. Ngoma zenyewe hazihitaji maiki kwa watu 300; wape waimbaji maiki mbili za kusimama, na wajipange nusu duara. Acha moto mdogo pembeni wa kukausha ngozi, maana ubaridi wa usiku huzilegeza. Funga saa 3 na nusu. Julai ikipita hapo watu hujikunja kwenye mashuka na kuondoka.

Umeme: spika mbili, taa na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) havizidi wati 2,000, jenereta ya kVA 5 inatosha. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5 na ufunguliwe wote kutoka kwenye roli yake. Uliobaki umeviringwa hupata moto hadi ganda likayeyuka. Vibali anza navyo wiki sita kabla kwa afisa utamaduni wa jiji, kisha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na polisi, na uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama utapiga nyimbo za wengine.

Jumapili anza saa 8 mchana, ibada zikiwa zimekwisha na wanakwaya wamepata chakula. Picha ziteremshwe kabla ya muziki wa mwisho, jua likiwa bado lipo: futa vumbi kwa brashi laini kavu, kamwe si kitambaa chenye maji, zipange wima kwenye boksi, na kila msanii asaini alichopokea.