Hapo ruka

Nilisema nisiandike mpaka nitulie, lakini haitulii, kwa hiyo naandika hivi hivi. Wale mnaokumbuka niliwaambia tunapanda Marangu, kwetu Kilimanjaro, kwa ibada ya shukrani ya marehemu Mama, basi tumeenda tumerudi, kaburi limesakafiwa, mdogo wangu kajifungua Alhamisi mtoto wa kike mzima kabisa, na ofisini wamenihamisha kitengo nikiwa huko huko mlimani. Hayo nitayaandika siku nyingine. Mi nina jambo moja tu.

Ijumaa jioni tumekaa jikoni kwa Mama, dada mkubwa anaandika historia fupi ya marehemu kwenye simu maana ile ya siku ya mazishi iliandikwa harakaharaka, kila mtu analia. Kazaliwa, kabatizwa, kipaimara, ndoa, watoto, vyote vinaenda vizuri. Akafika kwenye kazi, akainua uso akauliza, "Hapa kwenye kazi tuweke nini?" Baba mdogo akajibu hapo hapo, "Hapo ruka, mama. Mama yenu si alikuwa nyumbani tu, hakuwa na kazi." Dada akasema, "Haya baba," akaruka, akaenda kwenye utumishi kanisani. Na Baba yuko pale pale, kikombe mkononi, hakusema neno.

Nimeirudia hiyo dakika usiku kucha, nikairudia kwenye basi kutoka Moshi mpaka Dar. Sina kinyongo na baba mdogo, msiba wote ni yeye aliyehangaika na turubai na viti, na alisema vile watu wote wanavyosema. Kinachonichoma ni Baba kunyamaza. Ile chai aliyokuwa anakunywa ina maziwa ya ng'ombe wa Mama! Ng'ombe aliyemkatia majani miaka yote, anashuka kule chini anarudi na mzigo kichwani mpaka uso hauonekani, unaona majani yanatembea.

Kwetu Uchagani mnajua, kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Kahawa ndiyo ilikuwa na chama cha ushirika, na mizani, na stakabadhi, na malipo ya pili ya kusubiri mpaka unachoka, kwa hiyo kahawa inahesabika kuwa kazi. Ndizi haina stakabadhi. Ule mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 bei ikaporomoka dunia nzima, sisi kule kihambani, shamba letu la nyumbani, tulichojua ni kwamba Baba anapeleka kahawa anarudi na hela ya mrututu, ile dawa ya mibuni, wa msimu unaofuata, basi. Miaka ya tisini yote ikaenda hivyo, wengine waliacha mibuni ikawa kichaka, wengine wakaing'oa kabisa wakapanda nyanya. Na sisi tulikula, tulivaa sare, ada ililipwa, mara nyingine nusu nusu lakini ililipwa. Hela ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mikungu. Siku ya soko Mama anaamka bado giza, anaukata mgomba nusu kwa panga ili uiname taratibu, anaupokea mkungu begani usidondoke maana ndizi iliyochubuka haina bei, anasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, anajitwisha, anaondoka. Tukiamka tunakuta uji kwenye sufuria, umefunikwa.

Kitu ninachokiona nikifumba macho ni mikono yake Jumamosi jioni. Utomvu wa ndizi ukikauka unakuwa mweusi, unaingia kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha, sabuni haiuwezi. Jumapili ya Meza ya Bwana ikikaribia anakaa kwenye kigoda nje, anachukua limau na mafuta ya taa anasugua kidole kimoja kimoja, anaangalia kwenye mwanga, anasugua tena. Nilimuuliza siku moja, Mama si uache tu, Mungu anajua ni utomvu. Akasema, "Anajua, ila mimi ndiye ninayekwenda kwake." Halafu kesho yake asubuhi mkungu mzuri kuliko yote wa wiki hiyo, ule ambao ungeuzwa vizuri sokoni, anaupeleka kanisani kwenye mnada wa sadaka. Alikuwa hachagui wa pili kwa uzuri, hapana, ule ule wa kwanza.

Na mchungaji Jumapili hii kwenye ibada ya shukrani akasoma Mithali 31, mke mwema ambaye kima chake chapita kima cha marijani. Nikawa nasikiliza kama naisikia mara ya kwanza. "Huangalia shamba, akalinunua, Kwa mapato ya mikono yake hupanda mizabibu." Anafuma anauza, anaamka kabla usiku haujaisha, sehemu kubwa ya sifa zake ni kazi! Tunaisoma kwenye kila msiba wa mama wa Kikristo halafu tunarudi nyumbani tunaandika hakuwa na kazi.

Basi nimekaa pale na hasira yangu, dada kamaliza kusoma ile historia iliyorukwa, MC anataka kuendelea na matoleo, Baba akanyoosha mkono. Akasimama polepole, mnajua miguu yake. Akasema, "Kuna sehemu haikusomwa. Miaka ile kahawa ilipotuangusha nilikuwa nakwenda chamani narudi sina kitu, naogopa kuingia ndani. Nikiingia nakuta watoto wameshakula na wanaandika homuweki. Sikuwahi kumuuliza mama yao amepata wapi, niliona aibu. Hiyo ndiyo kazi yake, muiandike." Akakaa. Akina mama wa usharika wakaanza kuimba bila kuambiwa, na wale waliokuwa wakiuza ndizi na Mama sokoni, wamekaa kule nyuma, nikaona mmoja anafuta macho kwa ncha ya khanga. Nililia kilio ambacho hata siku ya mazishi sikulia, ila hiki kilikuwa kitamu. Dada kaongeza sentensi tatu palepale kwenye benchi kwa simu, ameshaituma kwenye grupu la familia.

Nina furaha, kweli kabisa. Halafu napanda kitandani nawaza, Baba angeweza kumwambia haya yeye mwenyewe, jikoni, jioni yoyote ya miaka yote ile. Labda alimwambia. Sijui jinsi ya kumuuliza, na nadhani sitamuuliza.

Sasa nimefika Dar nakuta dada wa kazi anasema mwenye nyumba alipita mara mbili, hakutaka kuacha ujumbe, anataka tuonane uso kwa uso. Kodi yangu inaisha mwezi ujao na jirani wa chumba cha mbele yeye ameshaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mtoto shule ameipata hapa hapa mtaani, anatembea kwa mguu, nikihama itabidi kumtafutia basi la shule. Kesho jioni nikitoka kazini nitampitia mzee wa watu nimsikie.